Ukilala Garini Msimu wa Baridi: Pata Joto Bila Kuhatarisha Maisha, na Gari Liwake Asubuhi

Msimu wa baridi unapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Nyandarua hawahitaji kuambiwa. Mawingu hutanda siku nzima, ukungu hufunika barabara, na usiku wa anga safi mtu huamka akakuta sakitu imetandaza weupe juu ya nyasi na majani ya viazi. Sisi tumezoea. Tuna makoti mazito, tuna jikoni mwa kuotea moto, na tunajua usiku gani wa kuongeza blanketi.

Lakini si kila anayelala katika kaunti hii hulala ndani ya nyumba. Kuna dereva wa lori na utingo wake wanaosubiri mzigo wa viazi au kabichi upakiwe alfajiri. Kuna mfanyabiashara anayelala ndani ya pikapu sokoni ili bidhaa zisiibwe. Kuna waongoza watalii, na siku hizi kuna familia zinazokuja na magari yaliyowekewa kitanda, jiko na tangi la maji, au hema juu ya paa, ili zipige kambi karibu na milima ya Aberdare. Hawa wote wanakabiliwa na maswali mawili yale yale: nitapataje joto usiku huu, na je, gari litawaka kesho?

Swali la kwanza likijibiwa vibaya, mtu anaweza asiamke. Ndiyo maana makala haya yanaanza hapo.

Kwa nini gari huwa baridi kuliko nyumba

Mji wa Ol Kalou uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Kinangop ziko juu zaidi. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Dereva aliyeondoka Mombasa na shati la mikono mifupi anafika huku akiwa amepanda zaidi ya nyuzi 12 za baridi kabla hata jua halijatua.

Gari nalo halimsaidii. Mabati na vioo hupitisha joto haraka sana. Injini ikizimwa, joto lililokuwa ndani hutoka kwa muda mfupi, na kufikia usiku wa manane kabati la dereva huwa karibu sawa na nje. Baridi kali zaidi huja usiku usio na mawingu, kwa sababu joto la ardhi hupaa angani bila kuzuiwa. Saa za hatari ni kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, na hutiririka kuelekea bondeni kama maji. Kwa hiyo usiegeshe gari chini kabisa ya bonde au kando ya mto ikiwa una nafasi ya kuegesha mita chache juu. Tafuta mahali penye ua au jengo la kukinga upepo, na ikiwezekana elekeza kioo cha mbele mashariki ili jua la asubuhi likufikie mapema.

Jiko ndani ya gari ni mauti

Chukua mfano unaojulikana na wengi. Watu wawili wamepakia magunia hadi saa tatu usiku. Wamechoka na baridi inawatafuna. Nje kuna jiko la makaa lililotumika kupikia chai. Makaa yameiva, ni mekundu, hayatoi moshi. Mmoja anasema, "Tuliingize kidogo tu tupate joto, dirisha tutaliacha wazi." Wanafunga mlango na usingizi unawachukua.

Makaa yanayowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi humwamsha mtu kwa kikohozi, lakini gesi hii humwacha alale. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, moyo unaendelea kupiga, lakini ubongo hauletewi oksijeni. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Aliye macho anaweza kujua kuna jambo na bado asiweze kuufikia mlango. Aliyelala hapitii hatua hizo akiwa na fahamu.

Kuna imani tatu zinazoua watu:

"Makaa yasiyo na moshi ni salama." Si kweli. Makaa yaliyoiva bila moshi bado yanatoa gesi hii, na huendelea kuitoa hata yanapofifia na kuonekana kama majivu.

"Nikiacha dirisha wazi kidogo hakuna neno." Si kweli. Nafasi ndani ya gari ni ndogo mno, na ufa wa dirisha hauwezi kuondoa gesi kwa kasi inayotolewa na jiko.

"Nitalitoa nikianza kusikia usingizi." Usingizi huo unaweza kuwa ndiyo sumu yenyewe inayofanya kazi.

Hatari hii haiko kwenye makaa pekee. Jiko la mafuta ya taa, jiko la gesi, jenereta na injini ya gari navyo hutoa gesi hiyo. Anayelala huku injini inanguruma ili apate joto anategemea bomba la moshi lisilo na tundu, lisilozibwa na matope wala nyasi, na upepo usiorudisha moshi ndani. Akiwa ndani ya gereji iliyofungwa, au turubai limefunika gari hadi chini, hana kinga yoyote. Tena ni hasara: lori kubwa likinguruma bila kwenda popote linaweza kutumia lita 2 hadi 3 za dizeli kwa saa. Usiku wa saa nane ni lita 16 hadi 24.

Mtu akizidiwa na gesi

Fungua milango yote, zima injini au toa jiko, na umpeleke mgonjwa kwenye hewa safi mara moja. Usiingie na kukaa ndani ukimtingisha aamke. Wewe pia utaanguka. Piga simu 999 au 112 kuomba msaada. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya linapatikana kwa 1199. Kama hapumui na kuna mtu anayejua huduma ya kwanza ya kufufua, aanze papo hapo.

Mpeleke hospitalini hata akionekana kupata nafuu. Tiba kuu ni oksijeni inayotolewa kwa kifuniko cha usoni, nayo huiondoa gesi mwilini kwa kasi kubwa kuliko hewa ya kawaida. Mwambie daktari au muuguzi wazi wazi: "Alikuwa amelala na jiko ndani ya gari." Maneno hayo ni muhimu, kwa sababu kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha gesi hii na oksijeni. Kinaweza kuonyesha namba nzuri huku mgonjwa akiwa hatarini.

Dalili zake pia hufanana na mafua, malaria au uchovu wa pombe. Ikiwa watu wawili waliolala gari moja wameamka wote na maumivu ya kichwa, na yanapungua wakikaa nje, usidhani ni baridi. Wajawazito, watoto na wenye ugonjwa wa moyo huathirika haraka zaidi.

Joto lisilo na hatari

Habari njema ni kwamba mtu mzima mwenyewe ni jiko. Mwili hutoa joto usiku kucha. Kazi yetu ni kulizuia lisitoroke.

Anza chini. Wengi hujifunika blanketi tatu juu na kulala juu ya kiti chembamba au sakafu ya bati. Baridi ya chini hupenya hadi mifupani. Weka godoro la sponji, na kama huna, tandika katoni kadhaa au magunia makavu kabla ya blanketi la chini.

Badilisha nguo. Aliyepakia viazi ana shati lililoloa jasho, na nguo yenye unyevu hunyonya joto la mwili. Hata ukiwa umechoka, vaa fulana kavu, soksi kavu na kofia ya sufu. Nguo kadhaa nyepesi zilizopangana hushinda koti moja zito, kwa kuwa hewa iliyonaswa kati yake ndiyo inayokinga.

Funika vioo. Kata katoni zikae sawasawa na kila dirisha, au tumia zile karatasi zinazong'aa za kukinga jua kwenye kioo cha mbele. Kwenye gari lenye nafasi kubwa nyuma, tundika blanketi liwe pazia ili upashe joto sehemu ndogo unayolala tu.

Tumia maji moto. Chupa ya mpira iliyojazwa maji moto na kufungwa kwa kitambaa huweka miguu joto kwa saa kadhaa. Maji yasiwe yanachemka, hasa kwa watoto, wazee na wenye kisukari ambao miguu yao huenda haihisi ikiungua. Chupa ya chai ya moto ikae karibu kwa ajili ya alfajiri.

Kula kabla ya kulala. Githeri, ugali au uji mzito huupa mwili kitu cha kuchoma. Pombe haisaidii. Hupanua mishipa ya damu ya ngozi, ukahisi joto usoni huku joto la ndani ya mwili likipotea, na humfanya mtu asiamke akianza kupoa kupita kiasi.

Ukitaka hita

Baadhi ya magari ya kulala yana hita inayochoma dizeli. Ile iliyoundwa na kufungwa vizuri huvuta hewa ya kuchoma kutoka nje na kutoa moshi wake nje kwa bomba lake. Hewa unayopumua hupashwa moto bila kukutana na moshi. Hita ndogo ya kilowati 2 hutumia chini ya lita 0.3 za dizeli kwa saa. Kwetu kuna jambo la ziada: hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, hivyo hita iliyorekebishwa kwa maeneo ya chini hupata mafuta mengi kuliko hewa, ikajaa masizi na kuzimika. Mwulize fundi kama inaweza kurekebishwa kwa urefu wa mita 2,500 na zaidi. Bomba lake la moshi liangaliwe kila msimu.

Hita ya umeme kwa betri haifai. Betri ya kawaida ya saa-ampia 100 haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu, yaani takriban saa-wati 600. Hita ya wati 1,000 itaimaliza nusu hiyo kwa muda unaozidi nusu saa kidogo tu. Blanketi dogo la umeme la volti 12 hutumia sehemu ndogo ya nguvu hiyo.

Gari lolote lenye hita au jiko ndani liwe na king'ora cha kaboni monoksaidi. Kifunge karibu na mahali pa kulaza kichwa, na ukijaribu kabla ya kila safari. King'ora hakikupi ruhusa ya kuingiza makaa.

Unyevu

Watu wawili wakilala garini hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa pumzi na ngozi kwa usiku mmoja. Maji hayo huganda kwenye vioo, hudondokea blanketi na kuozesha godoro. Acha upenyo mdogo madirisha mawili ya pande tofauti. Utapoteza joto kidogo, lakini utalala pakavu, na pakavu ndipo penye joto. Asubuhi anika matandiko hata kama jua ni la dakika ishirini.

Ili gari liwake asubuhi

Baridi huishambulia betri kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kemikali za ndani hufanya kazi polepole, hivyo betri iliyo kwenye nyuzi sufuri huwa imepoteza takriban moja kwa tano ya uwezo wake. Wakati huo huo mafuta ya injini yamekuwa mazito na stata inahitaji nguvu zaidi kuizungusha. Betri iliyochoka ambayo haikuleta shida Machi inaweza kushindwa Julai.

Pima betri ikiwa imepumzika kwa saa chache. Volti 12.6 maana yake imejaa, 12.2 iko nusu; 12.0 inakaribia kuisha. Vichwa vyake vikiwa na unga mweupe au wa kijani, visafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye soda ya kuokea, ukitoa waya wa hasi kwanza na kuurudisha mwisho. Kama unatumia taa, redio na chaji ya simu usiku, weka betri ya pili iliyotenganishwa na ile ya kuwashia injini.

Kwa gari la dizeli, washa swichi na usubiri taa ya kupasha moto izime ndipo upige stata. Usipige kwa zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Pumzika karibu dakika moja kisha ujaribu tena. Zima taa na redio kwanza. Usithubutu kuwasha moto chini ya injini au tangi la dizeli ili kulipasha. Magari huteketea kwa njia hiyo.

Kwenye kopo la mafuta ya injini, namba iliyo kabla ya herufi W huonyesha jinsi mafuta yanavyotiririka kwenye baridi. Kadiri ilivyo ndogo ndivyo yanavyotiririka kwa wepesi. Fuata kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Jaza tangi la dizeli jioni, kwa sababu hewa iliyo ndani ya tangi tupu hugeuka matone ya maji usiku, na umwage maji kwenye kichujio mara kwa mara.

Rejeta isiwe na maji matupu. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na hiyo inatosha kupasua rejeta au injini. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi haigandi mpaka baridi ifike takriban nyuzi 37 chini ya sufuri, na pia huzuia kutu.

Kioo cha mbele kikiwa na barafu usikimwagie maji moto, kitapasuka. Washa injini ukiwa macho na gari likiwa mahali wazi, elekeza hewa ya joto kwenye kioo, na uwashe kiyoyozi pamoja nayo kwa kuwa hukausha hewa. Pima upepo wa magurudumu asubuhi kabla ya kuondoka, kwani hushuka baridi inapozidi.

Gesi na maji

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Buteni huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi sufuri, ilhali propeni huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sufuri. Vile vikopo vidogo vya kambini mara nyingi huwa na buteni nyingi, ndiyo maana moto wake hufifia alfajiri wakati ndani bado kuna gesi. Kifunike kikopo kisipoe kabla ya kukitumia. Mtungi wowote usiupashe kwa moto. Usimamishe wima, na usilale nao ndani, kwa kuwa gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Pika nje, kisha zima.

Kama gari lako lina tangi la maji, pampu na mabomba, yamwage usiku unaotarajia sakitu na uache bomba wazi. Weka maji ya kunywa kwenye chupa ndani unamolala.

Ukipanda Aberdare

Barabara ya kutoka Ndunyu Njeru kupitia lango la Mutubio hukufikisha kwenye nyika zilizo zaidi ya mita 3,000, na kilele cha Satima kinafikia takriban mita 4,000. Huko baridi hushuka chini ya sufuri usiku, mvua hugeuza njia kuwa tope, na simu hazishiki kila mahali. Nenda na gari linalovuta magurudumu yote manne, na umwachie mtu jina la mahali utakapolala na saa unayotarajia kurudi.

Kabla ya kufunga mlango usiku, hakikisha:

1. Jiko liko nje, na injini imezimwa.
2. Mtungi wa gesi umefungwa na uko nje.
3. Madirisha mawili yana upenyo mdogo.
4. Umevaa nguo kavu na kuna kinga ya baridi chini yako.
5. Taa zote zinazokula betri zimezimwa.
6. Simu ina chaji na kuna mtu anayejua ulipo.

Wewe mwenye duka, mlinzi wa soko au mwenye shamba ambaye magari hulala kwako, una nafasi ya kuokoa maisha. Ukiona jiko likiingizwa ndani ya lori, usinyamaze kwa kuogopa kuonekana unaingilia mambo ya watu. Waulize kama wana blanketi, wape katoni kuukuu za kutandika, na ubaki na jiko lao nje hadi asubuhi.